Kocha aliyeachwa Lilongwe: Je, Yanga ilipaswa kumvumilia Folz?

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

LILONGWE/DZALEKA. Jumamosi ya Oktoba 18, 2025, Yanga ya Dar es Salaam ilifungwa bao 1-0 na Silver Strikers katika Uwanja wa Taifa wa Bingu jijini Lilongwe. Kabla usiku haujaisha, klabu hiyo ilikuwa imetangaza kuachana na kocha wake, Mfaransa Romain Folz. Wiki moja baadaye, Oktoba 25, Yanga ikashinda 2-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ikapita kwa jumla ya mabao 2-1 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Aliyesimama kwenye benchi siku ya marudiano ni Patrick Mabedi, Mmalawi, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya Malawi na baadaye kocha wake mkuu. Kwa maneno mengine, Lilongwe ilimfukuzisha kazi Mfaransa, kisha Mmalawi akaitoa Lilongwe mashindanoni.

Kwa mashabiki wengi wa Yanga hesabu ilifungwa hapo: kocha kaondoka, timu imepita, maisha yaendelee. Lakini msomaji wa gazeti hili anayepakia vitenge Kariakoo na kuvishusha Lilongwe anajua kuwa faida ya safari moja haithibitishi kwamba biashara inaendeshwa vizuri. Swali bado lipo mezani, nalo linazihusu klabu zote za ukanda huu: timu inapoyumba, kocha abaki au aondoke? Na nani aamue, lini, kwa kipimo gani?

Mechi iliyofika hadi Dzaleka

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, umbali wa kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilipangwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ukishuka kwenye matatu na kuingia sokoni, Kiswahili ndicho kinachouza na kununua, sambamba na Kirundi, Kinyarwanda, Kilingala na Kichewa.

Ushabiki wa Yanga na Simba hapa haukuletwa na Watanzania peke yao. Wakongomani wa Dzaleka wanaikumbuka Yanga ya Fiston Mayele, Djuma Shabani na Yannick Bangala, na wanaijua Yanga ya Max Nzengeli. Warundi wana Saido Ntibazonkiza, aliyezichezea Yanga na Simba kwa nyakati tofauti, na wana kocha Cedric Kaze, ambaye habari yake tutaifikia. Katika mabanda ya kuonyeshea mpira, mechi ya watani wa jadi wa Kariakoo hujaza benchi sawa na mechi za Uingereza.

Safari hii mechi haikuwa kwenye runinga pekee. Yanga yenyewe ilikuwa Lilongwe, mwendo wa gari usiofika hata saa moja na nusu. Hata hivyo, kwa mkimbizi kilomita hizo 45 si fupi kama zinavyoonekana kwenye ramani. Malawi inafuata sera ya kuwataka wakimbizi wakae kambini. Machi 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huohuo polisi walianza kuwakusanya. Maduka ya Lilongwe yaliyokuwa yakiuza nguo, vyakula na vipuri yalifungwa, mengine yakiwa na bidhaa ndani na madeni nje. Tangu hapo, kutoka kambini kwenda mjini ni jambo la kibali.

Ndiyo maana mjadala wa Folz unapofika Dzaleka unabeba uzito wa namna yake. Watu wa hapa wanajua maana ya kuambiwa uondoke kabla hujamaliza kuhesabu mali. Lakini hapohapo utasikia hoja ya pili, tena ya wafanyabiashara wazoefu: muuzaji asiyejua kuuza haachwi dukani kwa huruma. Hoja zote mbili zinastahili kusikilizwa.

Daftari la Folz

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tulifungue daftari.

Folz alichukua timu Julai 2025. Katika mashindano rasmi aliiongoza Yanga mechi sita. Septemba 16 aliifunga Simba 1-0 na kutwaa Ngao ya Jamii. Katika raundi ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa aliifunga Wiliete ya Angola 3-0 ugenini na 2-0 nyumbani. Kwenye Ligi Kuu aliifunga Pamba Jiji 3-0, kisha akatoka sare ya 0-0 na Mbeya City jijini Mbeya. Ya sita ndiyo ya Lilongwe.

Jumla: ushindi mara nne, sare moja, kipigo kimoja. Mabao tisa ya kufunga, moja la kufungwa. Mfanyabiashara akionyeshwa daftari kama hilo bila jina la mwenye duka, atauliza tatizo liko wapi.

Tatizo lilikuwa kwenye kile ambacho daftari la matokeo halikiandiki. Mashabiki walilalamika kuwa timu inacheza taratibu mno, mipira inarudi nyuma, na nafasi za kufunga ni chache kuliko walizozizoea. Baada ya sare ya Mbeya kelele za kumtaka aondoke zilikuwa wazi. Kwa hiyo Folz alifika Lilongwe akiwa tayari na deni kwa mashabiki, na bao moja la Silver likawa riba iliyomshinda.

Waliotaka aondoke

Upande huu una hoja tatu nzito.

Ya kwanza ni mwenendo. Matokeo yanaweza kubebwa na ubora wa wachezaji kwa wiki kadhaa huku mchezo ukiporomoka. Dereva akiendesha lori kwa gia isiyo yake kuanzia Mikumi, gari litatembea. Litakwama likifika Kitonga. Kusubiri likwame ndipo ubadili dereva ni uzembe.

Ya pili ni fedha. Kwa viwango vya misimu ya karibuni, klabu inayoingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika hupata si chini ya dola 700,000, hata ikishika mkia. Kutolewa na Silver Strikers kungekuwa kupoteza fedha hizo, mapato ya milangoni ya mechi tatu za nyumbani, na nafasi ya kuwaonyesha wachezaji wake kwa wanunuzi. Yanga ilikuwa na siku saba tu za kuokoa mzigo huo.

Ya tatu ni kwamba mbadala alikuwepo. Mabedi alikuwa tayari ndani ya benchi la ufundi. Aliwajua wachezaji wa Yanga na aliujua mpira wa Malawi kuliko mtu yeyote Jangwani. Zaidi ya hapo, ndani ya siku chache klabu ilikuwa imempata kocha mpya, Mreno Pedro Gonçalves, aliyeifikisha Angola robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mapema 2024. Kasi hiyo inaashiria kuwa uongozi ulikuwa umeanza kutafakari mabadiliko kabla ya Lilongwe. Wapo watakaosema hiyo ndiyo akili: usimfukuze muuzaji kabla hujajua nani atakaa dukani kesho.

Matokeo ya Oktoba 25 yaliwapa nguvu. Lakini tuwe waangalifu na ushahidi huo. Yanga kuifunga timu ya Malawi 2-0 nyumbani, mbele ya mashabiki wake, ni jambo ambalo Folz naye angeweza kulifanya. Alikuwa ametoka kuifunga Wiliete 2-0 mwezi mmoja kabla. Ushindi ule unathibitisha kuwa kubadili kocha hakukuiua timu. Hauthibitishi kuwa ndiko kulikoiokoa.

Yanga ilivyofukuza, Yanga ilivyovumilia

Bahati nzuri, klabu hiihii imewahi kujaribu njia zote mbili. Hakuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano.

Machi 2021, Yanga ilimfukuza Mrundi Cedric Kaze baada ya sare ya 1-1 na Polisi Tanzania. Siku anaondoka, Yanga ilikuwa inaongoza ligi, na Januari mwaka huo alikuwa ametwaa Kombe la Mapinduzi Zanzibar kwa kuitoa Simba kwa penalti kwenye fainali. Hofu ilikuwa kwamba timu imepoteza makali. Mwisho wa msimu ubingwa ulikwenda Simba. Waliomfukuza vinara wakiwa wao, wakamaliza wakiwa wa pili.

Aliyeletwa Aprili 2021 ni Mtunisia Nasreddine Nabi. Mwanzo wake haukuwa mtamu. Julai alipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho kwa Simba mjini Kigoma. Septemba akatolewa Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria, akifungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Kwa kipimo kilichotumika kwa Folz, Nabi alipaswa kuondoka mara mbili ndani ya miezi mitatu.

Yanga ilimwacha aendelee. Ikafanya jambo jingine la busara: ikamrudisha Kaze, yule yule iliyemfukuza, kuwa msaidizi wake. Msimu wa 2021/22 timu ikatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Rekodi ya kutofungwa kwenye ligi ilifika mechi 49 kabla ya Ihefu kuikata Novemba 2022.

Oktoba 2022 Nabi alijikwaa tena, akatolewa Ligi ya Mabingwa na Al Hilal ya Sudan. Kelele zikarudi. Uongozi ukatulia, timu ikashuka Kombe la Shirikisho Afrika na kufika fainali, ambako iliikosa kwa kanuni ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger ya Algeria baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 Algiers. Hadi leo hakuna klabu ya Tanzania iliyoibeba nchi kwa kiwango kile bila mtu kusema kwamba subira ndiyo iliyolipa.

Kisha tazama kilichofuata. Novemba 2024 Yanga ilimfukuza Muargentina Miguel Gamondi baada ya kupoteza mechi mbili mfululizo za ligi, dhidi ya Azam na Tabora United. Huyu ni kocha aliyekuwa ameipa ubingwa na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ilikotolewa kwa penalti na Mamelodi Sundowns. Akaja Sead Ramovic. Februari 2025 akaenda zake CR Belouizdad ya Algeria. Akaja Miloud Hamdi, akamaliza msimu na kuondoka. Akaja Folz. Akashika Mabedi kwa muda. Akaja Pedro. Ndani ya miezi kumi na mmoja na ushei, watu sita wamekalia kiti kimoja.

Hapa haki inadai tuseme na upande wa pili wa sarafu. Msimu wa 2024/25, wenye makocha watatu, Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi na kombe la shirikisho la nchi. Ubingwa huo ulikuwa wa nne mfululizo. Kwa hiyo anayesema kubadili kocha huleta mkosi moja kwa moja, daftari linamkataa. Kikosi kizuri chenye mishahara inayolipwa kwa wakati kinaweza kuvuka mito mingi ndani ya ligi ya nyumbani. Lakini msimu huohuo, katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga iliishia hatua ya makundi. Ubora wa kikosi unatosha Kyela. Kwenye soko kubwa zaidi mpango unahitajika.

Somo la wenyeji wa Lilongwe

Wakati Dar es Salaam ikijadili nani amefukuzwa, wachache waliuliza Silver Strikers walifikaje pale.

Hii ni timu ya Benki Kuu ya Malawi, ndiyo maana watu wa Lilongwe huiita timu ya mabenki. Makao yake ni Uwanja wa Silver, Area 47. Mwaka 2024 ilitwaa ubingwa wa Malawi kwa mara ya kwanza tangu 2013, ikiwa chini ya kocha Peter Mponda. Mara baada ya ubingwa, Mponda akahamia kwa wapinzani, Nyasa Big Bullets ya Blantyre. Klabu nyingi zingetikisika. Silver ikamkabidhi timu Peter Mgangira, ikaitoa Elgeco Plus ya Madagascar, na ikawasubiri Yanga pale Bingu.

Silver ilipoteza kocha bingwa na bado ikaifunga timu yenye bajeti kubwa kuliko yake kwa mbali. Sababu ni kwamba kocha aliondoka lakini utaratibu ulibaki: mwajiri ni yule yule, uwanja wa mazoezi ni ule ule, na wachezaji hawakulazimika kujifunza mpira upya.

Na hao Bullets wana somo lao. Mzimbabwe Kalisto Pasuwa alijiunga nao 2018 akakaa hadi alipokwenda timu ya taifa ya Malawi mwanzoni mwa 2025. Kati ya 2018 na 2023 Bullets ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo. Mwaka 2024 Silver ilipoivua taji, hakuna aliyeweza kusema hakupewa muda. Mgeni kutoka nchi jirani alivumiliwa kwa miaka, akalipa kwa makombe. Huo ni mfano wa kikanda ambao klabu za Kariakoo, zenye fedha nyingi zaidi, bado hazijaweza kuuiga.

Simba nayo haina la kucheka. Msauzi Fadlu Davids aliifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025, ilikofungwa na RS Berkane ya Morocco. Septemba akaondoka kwenda Raja Casablanca. Yaani hata ukimpata kocha mzuri na kuamua kumvumilia, soko la kaskazini mwa Afrika linaweza kumnunua kabla hujavuna. Hivyo kumbakiza kocha kuna gharama yake pia: mkataba mzuri, mazingira ya kazi, na usajili anaoshirikishwa.

Gharama isiyoonekana

Shabiki huona tangazo la kuachana. Haoni karatasi zinazofuata.

Tangu 2021 kanuni za FIFA zina sehemu maalumu kuhusu mikataba ya makocha. Klabu ikivunja mkataba bila sababu ya haki, hutakiwa kulipa fidia, na msingi wa hesabu ni thamani ya miezi iliyobaki kwenye mkataba. Kocha akipata kazi nyingine, kipato kipya kinaweza kupunguza fidia hiyo. Kufungwa mechi si sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Ndiyo maana klabu nyingi hukaa mezani na kocha kutafuta makubaliano ya kuachana, na makubaliano hayo nayo yana bei.

Ipo sababu ya kufukuza ambayo haihitaji mjadala. Julai 2020 Yanga ilimtimua Mbelgiji Luc Eymael baada ya kuwatolea mashabiki maneno ya kibaguzi. Hapo hakuna cha kusubiri tarehe. Muuzaji anayetukana wateja anafunga duka mwenyewe.

Gharama nyingine ni wachezaji. Kila kocha anakuja na mfumo wake na majina yake. Winga aliyesajiliwa kwa ajili ya kocha wa Julai anakuwa mzigo kwa kocha wa Oktoba. Mfanyabiashara wa Songwe anaelewa vizuri: umeagiza mzigo wa viatu vya shule kwa sababu muuzaji wako ana wateja wa shule, halafu unamfukuza na kumweka muuza vitenge. Viatu vitakaa stoo, na mtaji umelala.

Mabedi na kiti cha muda

Kuna jambo jingine katika mkasa huu ambalo gazeti la kanda haliwezi kulipita.

Mabedi aliifundisha Malawi kuanzia 2023. Septemba 2024 Burundi iliifunga Malawi 3-2 hapohapo Bingu katika kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, siku ambayo Warundi wa Dzaleka hawataisahau. Malawi haikufuzu. Novemba ikamaliza kwa kuifunga Burkina Faso 3-0, lakini ilikuwa imechelewa. Mwanzoni mwa 2025 timu ikapewa Pasuwa. Mwaka huohuo, mtu aliyeonekana hatoshi Lilongwe akaonekana anatosha kuivusha klabu kubwa ya Tanzania katika wiki ngumu kuliko zote. Alipomaliza kazi, kiti kikapewa Mreno.

Pedro ana sifa zake na hakuna haja ya kumwonea. Lakini ukiangalia Kaze mwaka 2021 na Mabedi mwaka 2025, unaona mtindo: makocha wa ukanda wetu huitwa moto unapowaka, na hurudishwa kwenye usaidizi moto ukizimika. Tunazungumza kila siku kuhusu soko la pamoja, bidhaa kuvuka Kasumulu bila kikwazo, nchi jirani kuaminiana. Aprili 2025 tuliona Tanzania na Malawi zikizuiana mazao kwa muda, na waliolala mpakani na ndizi zikiiva wanajua hasara yake. Uaminifu wa kikanda hupimwa pia kwa nani tunamkabidhi kazi kubwa kwa mkataba wa miaka, na nani tunamkabidhi kwa wiki moja.

Siku ya hesabu

Je, Yanga ilipaswa kumvumilia Folz? Kwa maoni ya mwandishi huyu, kuondoka kwake kunaweza kutetewa, ila wakati na namna havitetewi. Kama uongozi ulikuwa umeshajiridhisha baada ya Mbeya kwamba mwenendo ni mbaya, ungeamua wakati ule, kukiwa na zaidi ya wiki mbili kabla ya Lilongwe. Kama ulikuwa haujajiridhisha, ungesubiri marudiano, kwa kuwa bao moja la ugenini halikubadili chochote kuhusu uwezo wa kocha. Kuamua usiku wa kipigo, katikati ya mikondo miwili, ni kumpa mpinzani nafasi ya kukuandikia barua ya kumfukuza mtumishi wako. Safari hii ilipita. Hakuna hakika kwamba itapita tena.

Wafanyabiashara wa mpakani wana desturi ambayo viongozi wa klabu wangeweza kuiazima. Unapomweka mtu dukani mnakubaliana siku ya hesabu: mwisho wa msimu wa mavuno, au baada ya sikukuu, au mzigo wa tatu ukiisha. Mnaandika anachopaswa kuleta siku hiyo. Kabla yake unamkagua, unamshauri, unamwongezea bidhaa inayotakiwa. Humfukuzi kwa sababu soko lilikuwa baya Jumamosi moja. Akiiba au akitukana wateja, ni jambo jingine. Siku ya hesabu ikifika na namba zikakataa, mnaachana bila kelele, na kila mmoja anajua kwa nini.

Kwa kocha, siku hiyo inaweza kuwa mwisho wa duru ya kwanza ya ligi, au mwisho wa hatua ya makundi. Masharti yawe machache na yaandikwe kabla hajapanda ndege: nafasi kwenye ligi, hatua ya kufikia Afrika, vijana wangapi wapewe nafasi, na aina ya mpira ambao klabu inautaka. Sharti hilo la mwisho lingemaliza ugomvi wa Folz kabla haujaanza. Kama Yanga inataka mpira wa kasi, iseme hivyo siku ya mahojiano, na imwajiri anayeucheza.

Pedro sasa amekabidhiwa funguo za duka lile lile, lenye bidhaa zilizoagizwa na waliomtangulia na wateja wasiopenda kusubiri. Siku itafika atakapofungwa mechi asiyopaswa kufungwa. Kila kocha huifikia. Mashabiki watapiga kelele, hapo Dar es Salaam na huku Dzaleka, na hiyo ni haki yao kwa kuwa walilipa kiingilio au walilipia king'amuzi. Uongozi nao utakuwa na kazi moja tu usiku huo: kufungua daftari na kuangalia tarehe.